Kipimo cha radoni kimetoa 6.2 kwangu na 1.1 kwa jirani: tuamini kipi?

#1. Ngazi ya Chini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Ninaishi na familia yangu huku Marekani, katika mji mdogo ambao karibu kila mtaa wake unakula kwa mkono wa chuo kikuu. Kila mwezi wa Agosti wanafunzi wapya huingia, na vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo hapa sote tunaviita besimenti, hugeuka vyumba vya kulala kwa sababu kodi yake ni nafuu kuliko ya vyumba vya juu. Mpwa wangu anayesomea shahada ya uzamili analala kwenye besimenti yetu kwa mwaka wa pili sasa, na meza yake ya kusomea iko hukohuko, kwa hiyo majira ya baridi anaweza kukaa chini saa 16 kwa siku bila mtu kuona ajabu.

Mwezi uliopita nilipima radoni, ile gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, kwa mara ya kwanza. Kifaa chenyewe ni kikopo cha bati kipana kama kiganja, chenye punje za mkaa maalumu chini ya wavu, na mdomo wake umezibwa kwa utepe. Unabandua utepe, unaandika tarehe na saa, unakiacha wazi kwa siku chache, kisha unakifunga na kukipeleka posta kiende maabara. Nilikiacha siku nne. Jibu lililorudi ni 6.2 pikokyuri kwa lita, ambazo ni takriban bekereli 230 kwa mita ya ujazo (vyote viwili ni vipimo vya mionzi hewani). EPA, yaani idara ya serikali ya hapa inayosimamia mazingira, inashauri nyumba irekebishwe ikifikia 4, sawa na bekereli 148. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango chake kwenye bekereli 100, na kwa nchi isiyoweza kufika hapo linataka visizidi 300.

Kinachonitatiza ni jirani yangu, mzee mwenye hekima zake, ambaye nyumba yake ipo hatua 20 kutoka kwangu na ilijengwa na fundi yuleyule. Alipima akapata 1.1, na anashikilia kwamba udongo wetu ni mmoja, hivyo kifaa changu ndicho kilichokosea. Mke wangu naye anauliza kama nilikiweka mahali sahihi, na swali lake lina msingi, maana nilikiweka juu ya mashine ya kukaushia nguo kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo mpwa wangu asingekipiga teke.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie.

#2. Mwamba Laini

Ndugu mleta uzi, nimesomea jiolojia, hivyo nitaanza na hoja ya mzee wako, kwa sababu ni hoja inayoonekana kuwa na akili na ndiyo maana inapotosha watu wengi.

Radoni haitengenezwi na nyumba. Ni gesi inayozaliwa ndani ya mawe na udongo pale madini ya urani yanapovunjika hatua kwa hatua hadi kufikia elementi ya radiamu, na radiamu ikivunjika inatoa radoni. Haina rangi, harufu wala ladha, na haishikamani kikemia na kitu chochote, kwa hiyo hupenya kwenye vijitundu vya udongo kama moshi unavyopenya kwenye makuti. Muda wake ni mfupi: kila baada ya siku 3.8 nusu ya gesi iliyokuwapo huwa imekwisha kuvunjika. Ikichelewa njiani inafia ardhini, na ikipata njia ya haraka inafika sebuleni kwako ikiwa bado hai.

Hapo ndipo nyumba mbili za fundi mmoja zinapoachana. Hewa ya moto ndani ya nyumba hupanda na kutokea juu, na inapotoka huacha mvuto mdogo kule chini, wa paskali chache tu, lakini mvuto huo haupumziki usiku wala mchana katika majira yote ya baridi. Nyumba inanyonya ardhi. Kama sakafu yako ya zege ina ufa pale inapokutana na ukuta, kama shimo la pampu ya maji halina kifuniko, au kama kokoto zilizo chini ya zege zimeungana na mtaro wa zamani, utapata gesi nyingi kuliko jirani ambaye chini yake pana udongo wa mfinyanzi uliolowa na kushikana. Zaidi ya hayo, tuseme udongo ni mmoja kweli: ni nani aliyeuchimba hadi mita tatu kwenda chini akathibitisha?

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Pennsylvania, Desemba 1984. Stanley Watras, mhandisi kwenye kinu cha nyuklia cha Limerick, alikuwa akiliza king'ora cha kupima mionzi kila alipopita mlangoni. Kinu chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kazi, hivyo mionzi hiyo haikuweza kutoka huko. Alikuwa akiileta kutoka nyumbani kwake, mwilini na kwenye nguo. Nyumba yake ilipopimwa ikakutwa na takriban 2,700 pikokyuri kwa lita, huku baadhi ya nyumba za karibu naye zikiwa hazina tatizo la aina hiyo. EPA baadaye ilitoa ramani ya nchi nzima yenye kanda tatu, na jimbo kama Iowa lote limo kwenye kanda ya juu kabisa, lakini EPA yenyewe inaonya kwamba ramani hiyo haifai kutumika kuamua kama nyumba fulani ipimwe au isipimwe. Ikiwa ramani ya serikali haiwezi kusema lolote kuhusu nyumba yako, sembuse kikopo cha jirani.

#3. Mpangaji wa Kudumu

Nimesoma kwa makini, ila naomba niwe mkweli. Mimi ni mpangaji, ninaishi besimenti, na nimebakiza mwaka mmoja na nusu nihitimu. Nilipomuuliza mwenye nyumba wangu habari za radoni alinijibu kwamba kama ninaogopa nifungue dirisha. Sina hasira naye, lakini nina maswali mawili. La kwanza: mtu anayekaa miaka miwili ana sababu gani ya kuhangaika? La pili: mbona wengi wanaotutangazia vipimo ndio haohao wanaouza marekebisho? Mtu anayekuuzia ugonjwa na dawa kwa risiti moja lazima atiliwe shaka.

#4. Zamu ya Usiku

Ndugu Mpangaji, mimi ni muuguzi, nami nitajibu swali lako la kwanza bila kukuongezea hofu wala kukupunguzia.

Radoni unayoivuta unaitoa tena sehemu kubwa. Kinachobaki ni watoto wake, yaani elementi zinazozaliwa inapovunjika: poloni, madini ya risasi na bismuthi za aina zinazovunjika ndani ya dakika chache, ambazo hunasa kwenye vumbi na kisha kwenye utando wa njia ya hewa. Aina mbili za poloni humo hutoa chembe za alfa, ambazo ni aina ya mionzi. Chembe ya alfa huzuiwa na karatasi au na ngozi ya juu ya mkono wako, lakini ndani ya pafu hakuna karatasi, hivyo nguvu yake yote inaishia kwenye seli zilizo jirani nayo. Madhara yanayojulikana ni saratani ya mapafu. Hakuna kikohozi cha radoni, hakuna kuumwa kichwa kwa radoni, wala hakuna kipimo cha kawaida cha damu kitakachokuonyesha umevuta kiasi gani. Anayekwambia kwamba uchovu wako unatokana nayo anabahatisha.

Hatari hujengwa na kiwango pamoja na muda. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila nyongeza ya bekereli 100 katika wastani wa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 16. Ni asilimia 16 ya hatari uliyonayo tayari, na hapo ndipo sigara inapoharibu hesabu nzima. Kwa makadirio ya EPA, katika watu 1,000 wanaoishi maisha yao yote kwenye kiwango cha 4, takriban 7 kati ya wasiowahi kuvuta sigara wanaweza kupata saratani ya mapafu kwa ajili ya radoni. Kati ya wavutaji, wanafika 62. Hivyo ukiwa huvuti, na umebakiza mwaka mmoja na nusu, hatari yako wewe binafsi ni ndogo, na sitakuficha hilo.

Lakini wewe utahitimu na chumba hakihitimu. Agosti ataingia mwingine, na baada yake mwingine, na kila mmoja atasema maneno haya uliyoyasema, na kila mmoja atakuwa sahihi kwa upande wake. Miaka 30 ya kulala kwenye chumba hicho itakuwa imegawanywa kwa watu 15 ambao hakuna hata mmoja wao aliyeona sababu ya kupima.

Kuhusu dirisha: likiwa wazi kiwango hushuka, na likifungwa kinarudi kilikokuwa ndani ya takriban saa 12. Tena ukifungua madirisha ya juu peke yake unaweza kuongeza ule mvuto ambao ndugu Mwamba ameueleza. Katika Januari yenye theluji dirisha la besimenti halitakaa wazi usiku kucha, na mwenye nyumba wako analijua hilo.

#5. Mwamba Laini

Nimjibu ndugu Mpangaji swali lake la pili, kwa sababu shaka yake ni halali. Njia ya kuikata ni kununua kipimo mwenyewe na kukituma kwenye maabara isiyohusika na ukarabati, na baada ya kazi yoyote ya fundi upime tena kwa mkono wako, si kwa mkono wake. Kikopo cha mkaa au kijikasha cha plastiki hakitoboi ukuta wala hakibadilishi kitu kwenye nyumba, kwa hiyo hata mpangaji anaweza kukiweka chumbani mwake.

Sasa mleta uzi na mashine yake ya kukaushia nguo. Mkuu, kipimo hicho mimi nisingekitetea. Mkaa hunasa radoni, lakini ukipata joto huiachia, na unyevu nao huupunguzia uwezo, kwa hiyo huenda ulisoma pungufu. Kwa upande mwingine, mashine inapofanya kazi inasukuma hewa nje ya nyumba na kuongeza mvuto kutoka ardhini, kwa hiyo huenda ulisoma zaidi. Hatuwezi kujua kosa limeelekea wapi, na kipimo cha namna hiyo kinarudiwa, hakijadiliwi.

Safari hii kiweke kwenye chumba anacholala kijana, juu ya kigoda, angalau nusu mita kutoka sakafuni, mbali na dirisha, mlango wa nje na chanzo cha joto, wala kisiwe bafuni au jikoni. Funga madirisha na milango ya nje ya nyumba nzima kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na uendelee hivyo hadi mwisho. Kuingia na kutoka kwa kawaida hakuna ubaya. Ukikifunga kikopo, kitume siku hiyohiyo, kwa sababu radoni iliyonaswa inaendelea kuvunjika ndani ya bahasha, na kikilala juu ya friji wiki nzima maabara itakuwa inapima mabaki.

Ukitaka wastani wa kweli, tumia kijikasha cha muda mrefu. Ndani yake mna kipande cha plastiki, na kila chembe ya alfa inayokigonga huacha mkwaruzo usioonekana kwa macho. Maabara hukichovya kwenye dawa mikwaruzo ikapanuka, kisha huihesabu kwa hadubini. Kinakaa siku 90 au zaidi, hadi mwaka. Mimi ningependa kila mtu atumie hiki, lakini kwa kiwango kama cha 6 sioni sababu ya kumwacha kijana asubiri mwaka mzima wakati vipimo viwili vifupi vikikubaliana vinatosha kuamua.

#6. Ngazi ya Chini (mleta uzi)

Nashukuru sana wakuu. Nimefuata maelekezo. Safari hii nilinunua vikopo viwili nikaviweka bega kwa bega juu ya kigoda karibu na meza ya mpwa wangu, tukafunga madirisha tangu usiku wa kuamkia siku ya kwanza. Nakiri siku ya pili nilimkuta amefungua dirisha kidogo kwa ajili ya harufu ya vitunguu, nikamwambia tunaanza upya, akaniangalia kama mtu aliyeambiwa arudie mtihani. "Mjomba, ni dakika tano tu." Tukaanza upya na vikopo vipya.

Majibu: kimoja kimesoma 5.5 na kingine 5.3. Vinakaribiana kiasi kwamba sina tena la kusema kuhusu kifaa kukosea. Wazo langu ni kuziba nyufa zote kwa simenti na rangi nzito wikendi hii. Je, itatosha?

#7. Bomba Wima

Haitatosha, ndugu yangu, na ninasema hivyo nikiwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni hii. Kuziba nyufa ni sehemu ya kazi, lakini peke yake mara nyingi haishushi kiwango kwa namna ya kutegemewa, kwa sababu zege linaendelea kupasuka na gesi haihitaji ufa unaouona wewe.

Kinachofanyika ni kuugeuza ule mvuto. Tunatoboa zege, tunachota udongo na kokoto kiasi cha ndoo moja au zaidi ili pawe na shimo la kunyonyea, tunateremsha bomba la PVC la inchi 3 au 4, tunaziba kandokando, na bomba linapanda hadi juu ya paa. Njiani linafungwa feni inayozunguka saa 24 bila kuzimwa. Hewa iliyo chini ya sakafu inavutwa kwenye bomba kabla haijavutwa na nyumba. Mfumo ukifungwa vizuri, punguzo linaweza kufika asilimia 99. Nyumba isiyo na sakafu ya zege, yaani yenye uwazi wa udongo mtupu chini ya mbao, hutandikwa plastiki nzito juu ya udongo na bomba linanyonya chini yake.

Kuna makosa mawili ambayo mimi huyaona sana kwenye nyumba za kupangisha. La kwanza ni feni kufungwa ndani ya besimenti yenyewe. Upande wa bomba ulio baada ya feni unasukuma, haunyonyi, kwa hiyo kiungo kikilegea unapuliza radoni iliyokolea ndani ya chumba cha kulala. Feni ikae nje au darini, mahali ambapo juu yake hakuna chumba cha mtu. La pili ni mdomo wa bomba kutokea karibu na dirisha. Nimewahi kukuta bomba limeishia chini ya dirisha la chumba cha ghorofani, kwa sababu aliyelifunga hakutaka kupanda ngazi ndefu.

Ukutani kwenye bomba kutakuwa na kimirija cha plastiki chenye umbo la herufi U na kimiminika cha rangi ndani. Kimiminika kikisimama sawasawa pande zote mbili, feni haivuti. Mfundishe kijana akiangalie kila anapopita, ni kazi ya sekunde moja. Lakini kimirija kinakuambia feni inavuta tu, hakikuambii radoni ni kiasi gani. Kwa hilo unapima tena, usianze kabla ya saa 24 tangu feni iwashwe na usizidishe siku 30, halafu unarudia kila baada ya miaka miwili.

#8. Mpangaji wa Kudumu

Nimeshawishika nusu. Nimeazima kile kipimo cha umeme chenye kioo, na kinanichanganya: asubuhi kimesoma 7, mchana 2, usiku 5. Nimwonyeshe mwenye nyumba namba ipi?

#9. Mwamba Laini

Hakuna kati ya hizo. Kiwango hupanda na kushuka kutokana na upepo, mvua, baridi ya usiku na hata mlango wa ngazi kufunguliwa. Kiache mahali pamoja bila kukihamisha, usikitazame kila saa, na baada ya wiki kadhaa mpelekee wastani pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kwa maandishi. Ukimpelekea 7 ya asubuhi atakuonyesha 2 ya mchana, na mtakuwa mnabishana kuhusu hali ya hewa.

#10. Ngazi ya Chini (mleta uzi)

Wakuu, narudi na mrejesho. Bomba limefungwa, feni iko nje upande wa nyuma, na mdomo umepita paa. Ukikaa kimya usiku unasikia mvumo mdogo kama wa friji ya chumba cha pili. Mpwa wangu anasema siku mbili za kwanza ulimsumbua, sasa hausikii tena. Amechora mstari kwa kalamu ya wino pale kimiminika chekundu kiliposimama siku ya kwanza, na hadi leo hakijashuka. Kikopo nilichokiweka baada ya wiki moja kimesoma 0.9, na kijikasha cha muda mrefu nimekitundika kikae mwaka.

Kuhusu mzee jirani, nilikwenda kumsalimu nikamuuliza kwa upole alipimia wapi. Alipimia sebuleni, ghorofa ya juu, mwezi wa Juni, na feni ya dirishani ilikuwa inazunguka kwa sababu ya joto. Besimenti yake anaipangisha kwa wanafunzi wawili na hakuwahi kushuka na kipimo chini. Nilikuwa nimebakiwa na kikopo kimoja kwenye boksi, nikampa. Jana jioni tulishuka pamoja. Vijana wakasogeza kitanda kimoja, tukakiweka juu ya kiti, na yeye mwenyewe akaandika tarehe na saa kwa mkono wake. Anakifunga Jumapili saa mbili usiku, na Jumatatu asubuhi nitampeleka posta. Jibu likirudi nitaliweka hapa, lolote litakalokuwa.